Risasi Isiyotoboa Ukuta

Peninah ndiye aliyeniambia, tena aliniambia huku macho yake yakiwa kwenye mizani. Tulikuwa kwenye foleni ya kupima majani chai, kituo cha juu pale Kibugu, na rasharasha ilikuwa imeanza kutulowesha mabega.

"Mama Wambeti," akasema, "umesikia jirani yako anatafuta bunduki ya ndovu?"

"Jirani yangu yupi?"

"Kwani unao wangapi? Marcella. Ameandikiwa barua na serikali. Ati risasi yake inaingia kwa mwizi hapa kwake, inatokea Manyatta."

Wanawake wawili waliokuwa mbele yetu wakacheka. Peninah hakucheka. Alisogeza kikapu chake kwa goti, akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe na mtoto mnalala upande wa pili wa mbao. Mimi ningekuwa wewe, ningelala nimevaa sufuria kichwani."

Hapo nilicheka pamoja nao. Njiani nikirudi nyumbani, kikapu kitupu kikinigonga mgongoni, kicheko kilikuwa kimeniisha.

Watu wa Kibugu wamemsema Marcella mengi, na mengi si kweli. Hili la bunduki lilikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana nimeona niandike habari zake kama nilivyoziona mimi niliyekaa karibu naye kuliko wote.

Marcella si mzaliwa wa huku kwenye baridi. Alizaliwa Mbeere, kule chini kwenye mbuzi na pojo, akaolewa na Ireri akiwa na miaka kumi na tisa. Mwaka wa kwanza, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akilia kila asubuhi kwa sababu ya ukungu. Alidhani jua limekufa na watu wa huku wanaona aibu kusema. Baadaye akazoea. Akachuma chai miaka arobaini, akazaa mabinti wawili wakaolewa mbali, akafundisha watoto wa kanisani nyimbo ingawa hakujua kusoma hata jina lake.

Mimi mama yangu mzazi alikufa nikiwa darasa la saba. Ukoo wake na wa Marcella ni mmoja. Siku watu wa Njeru walipokuja kuleta mahari yangu, kiti cha mama kilikuwa kitupu, na Marcella akapanda gari kutoka Kibugu hadi kwetu Mbeere, akakikalia. Kwetu, aliyekalia kiti hicho siku hiyo ndiye mama. Tangu siku hiyo namwita maitu, yaani mama, na Njeru akawa mkwe wake, muthoni. Muthoni ni mtu wa heshima ya mbali. Hawezi kulala nyumba moja na mama mkwe wake. Hata kukiona kitanda chake ni aibu.

Basi Njeru alipokosana na ndugu zake juu ya shamba, tukatolewa na mtoto tumboni, Ireri alikaa na kufikiri siku nzima. Nyumba yake ilikuwa ndefu, ya mbao, imesimama juu ya vigogo kama nyumba nyingi za huku. Akamwita fundi, akaikata katikati kwa ukuta wa mbao za mubariti, ule mti wa mipakani mwa mashamba, akatoboa mlango wa pili upande wetu, akatujengea na meko yetu. Milango miwili, meko mawili, kwa hiyo nyumba mbili. Wazee walikuja wakatazama, wakasema heshima imekaa. Fundi alitaka kupiga mbao mbilimbili. Ireri akamwambia moja yatosha, heshima haipimwi kwa unene.

Hatukulipa kodi. Mimi nilichuma chai pamoja na Marcella, Njeru akaenda Mwea kufanya kazi ya mifereji, akawa anakuja mwisho wa mwezi. Kupitia ule ukuta nilisikia Marcella akiomba, yeye akasikia Wambeti akikohoa, na asubuhi ningekuta kijiko cha asali kimefunikwa mlangoni.

Kisha wezi wakaja.

Wezi wa huku hawavunji mlango. Nyumba ni za mbao, kwa hiyo wanang'oa misumari taratibu kwa nondo yenye ncha bapa, ubao mmoja, wa pili, wa tatu, wanaingia kama mtu anayeingia kwake. Mimi na Njeru tulikuwa Mbeere kwenye mazishi wiki hiyo. Ireri aliamka akawakuta jikoni. Aliishi siku tisa hospitalini.

Mara ya pili walikuja mchana. Marcella alikuwa shambani, mimi nilikuwa kliniki na mtoto. Walichukua redio na koti la Ireri, basi. Lakini zile mbao walizozing'oa walizipanga vizuri, wakaziegemeza ukutani, na misumari wakaiweka kwenye kikombe. Nafikiri ni ule unadhifu uliomvunja Marcella. Mtu anayepanga misumari yako kwenye kikombe hana haraka. Atarudi.

Kutoka siku hiyo alijifungia. Alipigilia mbao za kukingama kwenye kila dirisha, akaweka vyuma vitatu mlangoni, akahamisha kuni na maji ndani. Kanisani akaacha kwenda. Mazishi, harusi, hapana. Alichuma tu mistari ya chai ambayo akiwa ndani yake anaiona nyumba, iliyobaki nikachuma mimi. Binti yake wa kwanza alipiga simu akamwambia aende akae naye Nakuru. Marcella akamjibu, "Nikitoka watachukua nyumba yote, si mbao tatu."

Na mchana kutwa aliniita kupitia ukuta.

"Karimi, uko?"

"Niko, maitu."

Baada ya kitambo, "Karimi?"

"Niko."

Nikienda sokoni nilikuwa nakimbia. Nikisimama kuongea na mtu, sikio langu lilikuwa nyumbani, nasikia anaita na hakuna anayejibu. Njeru aliponiambia kwa simu niende na mtoto Mwea, nilimuuliza tutalala wapi. Yeye na wanaume saba walikuwa kwenye chumba kimoja. Akasema, "Vumilia kidogo, mama." Hilo kidogo lilikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu.

Mwaka wenyewe ulikuwa elfu mbili na tisa. Kivuti, mdogo wake Ireri, ndiye aliyemshughulikia Marcella ombi la silaha. Kivuti alikuwa sajini wa polisi hadi alipostaafu, na sasa alikuwa akiwafundisha shabaha watu wenye leseni, kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Alipeleka barua ya chifu, alama za vidole, taarifa ya kifo cha Ireri. Kila mtu alijua silaha wanapewa matajiri. Marcella akapewa kibali.

Jioni ile ya maneno ya Peninah nilimkuta Kivuti kwa Marcella, barua iko mezani, na fomu. Nikaitwa niisome. Nilimaliza darasa la nane, Kiingereza changu ni cha kupapasa, lakini nilielewa. Palikuwa na mahali pa kuandika aina ya silaha na ukubwa wa risasi. Marcella aweke kidole, Kivuti ampelekee Embu.

"Jumatatu," Kivuti akasema. "Sasa shemeji, chagua. Kuna bastola ya milimita tisa. Ndiyo wengi wanachukua, inakaa mkononi vizuri, risasi nyingi. Kuna ile ya zamani ya kuzungusha, namba thelathini na nane, haina mambo mengi, haikwami. Na kuna bunduki ndefu ya punje, inayorusha punje nyingi za risasi kwa pigo moja, namba kumi na mbili."

"Kumi na mbili ni ndogo kuliko thelathini na nane," Marcella akasema.

"Hapana. Hizo za punje zinahesabiwa kinyume. Kumi na mbili ni kubwa kuliko ishirini."

"Nani alihesabu hivyo?"

"Wazungu, shemeji. Usiniulize mimi."

Marcella alimtazama kama anayemtazama mchuuzi wa sokoni. "Mimi nataka risasi inayoingia kwa mtu ikakaa hapo hapo."

Kivuti akacheka. "Risasi haina adabu ya mgeni, ati ikae mahali imekaribishwa. Inaingia, ikipata nafasi inaendelea na safari."

Marcella akainua mkono, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Na hii?"

Wambeti alikuwa mapajani kwangu, anakula ndizi. Kivuti alimtazama yeye kwanza, kisha ukuta. "Hiyo ni karatasi," akasema.

Marcella akachukua fomu, akaikunja, akaitia chini ya bakuli la sukari. "Sitaweka kidole kwenye kitu sijakiona. Utanionyesha Alhamisi."

Alhamisi Peninah alikuja kukaa mlangoni na panga, Wambeti akiwa miguuni pake. "Nendeni," akatuambia, "lakini mwizi akija nitamwambia mwenye nyumba ameenda kuleta bunduki, asubiri." Marcella alichukua mbao nne zilizobaki za ule ukuta wa Ireri, akazifunga pamoja, akazibeba mgongoni kwa kamba ya kichwa kama kuni. Mimi nilibeba kipande cha mgomba. Alikikata mwenyewe asubuhi, akakipima kwa mkono, akakikata tena. Hakuniambia kwa nini. Nilikiona ni kimo cha Wambeti.

Barabarani watu walishangaa kumwona nje.

"Marcella, unaenda kujenga?"

"Naenda kuuliza," akawajibu, na hakusimama.

Kwenye machimbo Kivuti alisimamisha mbao kwa mawe, moja nyuma ya nyingine, na nyuma ya zote Marcella akausimamisha mgomba. Kivuti akauliza, "Hiyo ni ya nini?" Marcella akamwambia apige tu. Kivuti akarudi hadi pale njia inapoanzia, mahali alipozoea kuwasimamisha watu wake. Nina tabia ya kuhesabu hatua, nilianza nikienda shule, kilomita nne peke yangu. Hatua za Kivuti nilizihesabu bila kukusudia.

Milimita tisa ilipita mbao zote nne, ikapita mgomba, ikatoa cheche kwenye jiwe. Thelathini na nane, vivyo hivyo, ila tundu lilikuwa pana kidogo. Bunduki ndefu aliitia punje kubwa kwanza, na ubao wa mbele ukapasuka, wa nyuma ukatobolewa mahali sita. Kila mara Marcella alikwenda mwenyewe kuutazama mgomba, akatia kidole kwenye tundu, akarudi.

"Kuna punje nyingine," Kivuti akasema, "za ndege. Ndogo kama mbegu za wimbi. Lakini kwa mwizi..." Akatikisa mkono.

"Tia."

Akageuza mbao, akaweka upande ambao haujaguswa, akapiga. Tukakimbia kutazama. Punje zilikuwa zimenasa kwenye ubao wa kwanza, nyingi, nyeusi, kama mtu aliyerusha wimbi kwenye ugali. Marcella akapapasa nyuma ya ubao kwa kiganja. Laini. Akapapasa tena.

"Hii," akasema. "Hii ndiyo yangu."

"Shemeji, hiyo utamuudhi tu mtu."

"Mlio wake utasikika hadi kituo cha chai. Na usoni itamfika. Kwangu inatosha. Ubao umekataa, umeona mwenyewe umekataa."

Njia nzima alizungumza. Alinieleza jinsi alivyowahi kumkimbiza fisi kwa mwiko akiwa msichana. Alipofika nyumbani alichukua nyundo, akang'oa mbao za dirisha la jikoni, akalifungua. Mwanga ukaingia ukaangukia sufuria, na moshi wa mwaka na nusu ukaanza kutoka. Peninah alisimama nje akatazama. "Heh, Marcella. Kumbe una jikoni." Marcella akamrushia maji ya vidoleni.

Ijumaa aliimba. Hakuniita hata mara moja kuuliza kama niko. Nilikwenda sokoni Manyatta nikakaa hadi saa nane, nikanywa chai hotelini kama mtu asiye na mambo, nikamnunulia mtoto viatu.

Lakini ile namba haikunitoka. Kumi na nne. Kivuti alisimama hatua kumi na nne kutoka kwenye mbao. Ijumaa jioni Marcella alipokwenda kuchota maji, mwenyewe, na ndoo mbili, niliingia kwake nikasimama penye kitanda chake, nikatembea hadi ukutani. Nne. Nikarudi nikahesabu tena, nikipunguza hatua, nikitafuta zaidi. Nne na unyayo. Kwa upande wetu chumba ni hatua tatu, kitanda kimekula mbili. Popote ningekihamisha, bado ningekuwa nimekiweka mbele ya mtutu.

Sikujua bunduki, lakini nilijua maji. Ukimwaga ndoo ya maji kwa nguvu, aliye mbali atapata matone na aliye karibu atapata ndoo.

Jumamosi nilinyamaza. Marcella alikuwa akipiga pasi nguo ya kanisani, nguo iliyokuwa imekaa sandukuni hadi mikunjo ikawa myeupe. Nikafungua mdomo nikaufunga. Nilijiambia nitasema kesho. Jumapili alikwenda kanisani na Peninah, akarudi amezungukwa na wanawake watano wanaomshika mikono. Nilisubiri waende. Alikaa kumenya viazi, dirisha liko wazi nyuma yake.

"Maitu, Kivuti alisimama hatua kumi na nne."

Kisu kikasimama.

"Kutoka kitandani kwako hadi ukutani ni nne."

Aliinuka akaenda kwenye kitanda, akakipa mgongo, akatembea. Nilisikia miguu yake kwenye mbao za sakafu. Alipofika ukutani aliweka viganja vyote viwili juu yake, kama anayeusukuma.

"Ulihesabu lini?"

"Ijumaa."

"Na leo ni Jumapili."

"Nilitaka uende kanisani kwanza."

Aligeuka akanitazama muda mrefu. Sikuona hasira usoni mwake, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kisha akaenda akalifunga dirisha, akarudisha mbao za kukingama, msumari baada ya msumari, na mimi nikamshikia mbao.

Kivuti alikuja Jumatatu asubuhi kuchukua fomu aipeleke Embu, akaambiwa habari ya hatua nne. Akabisha kidogo, mtu akifundisha jambo miaka ishirini lazima abishe. Akachukua ubao mmoja, akaenda nao machimboni. Aliporudi alikuwa ameubeba kwapani. Akauweka mezani. Katikati palikuwa na tundu ambalo Marcella alitia ngumi yake, ikapita.

"Karibu hivyo punje hazijatawanyika," Kivuti akasema. "Zinakwenda kama jiwe moja. Mimi... pale ndipo tumezoea kusimama, shemeji. Sikufikiri nyumba."

"Wewe ulifikiri machimbo."

"Nilifikiri machimbo."

"Subiri hadi Jumatano," Marcella akamwambia.

Wazo la kukinga ukuta kwa magunia ya udongo lilikuwa la Marcella. Risasi haipiti udongo, Kivuti mwenyewe alikubali, magunia mawili ya unene yangemeza hata ile ya milimita tisa. Jumanne kuanzia asubuhi tulijaza magunia ya mbolea udongo mwekundu, mimi nikichimba, yeye akishona kwa sindano ya gunia, tukayavuta ndani na kuyapanga upande wangu wa ukuta. Mstari wa kwanza. Wa pili. Wambeti alipanda juu yake akaimba. Tulipokuwa tukiinua la tatu la mstari wa tatu, sakafu ilitoa sauti kama mtu anayeguna usingizini. Nilimnyakua mtoto nikamrusha kitandani. Halafu mbao za sakafu zikakubali, polepole, na ukuta wetu wa udongo ukashuka chini ya nyumba wote, ukifuatwa na mguu mmoja wa kitanda changu.

Watu wa nyumba za mbao tulisahau tumesimama juu ya vigogo. Ukungu wa huku unakula kigogo kutoka ndani, nje kinabaki kizima.

Peninah alitokea mlangoni, akatazama shimo, akatazama kitanda kilichoinama, na sisi wawili wekundu hadi kope.

"Mmemzika nani?"

Marcella akakaa chini akacheka. Alicheka hadi akashika mbavu, nami nikacheka kwa kumwona, hadi nikatambua kwamba yeye ameacha kitambo na anafuta macho kwa mkono wenye udongo.

Fundi alikuja mchana akaingia chini ya nyumba na tochi. Alisema sakafu itengenezwe, vigogo vibadilishwe, na kwa kufanya hivyo lazima ukuta uondolewe kwanza, wiki tatu, nne. Ukuta ukiondolewa, nyumba ni moja. Njeru alikuwa anakuja baada ya siku kumi. Fundi alitia mbao mbili za kushikilia, akasawazisha kitanda changu kwa matofali, akaenda.

Jumatano Kivuti alikaa mezani na fomu na kidau cha wino. Alikuwa amevaa koti la safari. Marcella alinipa kalamu, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri, wa shule.

"Naweza kukataa bunduki," akasema.

Alisema huku akinitazama mimi, si Kivuti. Nilielewa ananisubiri niseme. Kama ningesema kataa, angekataa, na angekaa na vyuma vyake vitatu akisikiliza misumari. Kama ningesema chukua, ningekuwa nimekubali kwa mdomo wangu mtutu uelekee kwa mtoto. Nilitazama kalamu. Wambeti alikuwa akivuta sketi yangu akitaka maji, nikampa.

Marcella akakohoa. "Sawa. Kivuti, hizi zote zinapita?"

"Zote, shemeji."

"Basi kama zote zinapita, nataka ile nitakayopiga mara moja tu. Bastola nitapiga, nitakosa, nitapiga tena, kila moja inapita pake. Ndefu, punje kubwa, mara moja. Karimi, andika. Namba kumi na mbili."

Niliandika. Kivuti akafungua kidau, akakisogeza kwa Marcella.

Akainua kidole gumba, akakishikilia juu ya wino.

"Karimi. Njeru hawezi kulala kwangu, na wewe huwezi kumwacha mumeo alale peke yake. Hilo najua, na sitakuomba. Lakini nimemsikia mtoto wako. Kukiwa na kishindo, hata paka akiangusha kifuniko, yeye anasimama kitandani na kushika ukuta, anataka kujua ni nini. Wewe nitakuita jina, utalala chini, wewe ni mtu mzima. Yeye nitamwambiaje?"

Wambeti alikuwa amemaliza maji, anaramba ukingo wa kikombe.

"Nyanya hulala na mjukuu, hata zamani ilikuwa hivyo, hakuna atakayeuliza. Mpe alale upande huu, kwenye kitanda changu, nyuma ya mgongo wangu. Najua utakuwa unamsikiliza kupitia mbao usiku kucha, na mlango umefungwa vyuma vitatu, na huwezi kumfikia. Najua ninachokuomba. Nakuomba kabla sijaweka kidole. Niachie mtoto."